Dari Nyepesi ya Mama

Siku Kitinda alipoingia dukani na tepu ya kupimia shingoni, Mama Dari alijua yamefika. Akaendelea kufuta vumbi kwenye kaunta, ingawa kaunta hiyo ilikuwa imefutwa mara mbili tangu asubuhi na haikuwa na kosa.

Tuseme ukweli mapema, kwa kuwa wenyewe waliuzunguka miaka na miaka: Mama Dari alimwonea wivu mdogo wake. Mama yao alizaa mara mbili tu. Kati ya mtoto wa kwanza na wa pili ilipita miaka tisa, na katika miaka hiyo yote wa kwanza alikuwa na mama peke yake, mgongo wake, mapaja yake na nyimbo zake zote. Kisha akaletwa kichanga mmoja wa kupiga makelele, akaitwa Kitinda kwa kuwa ndiye wa mwisho, na jina likamganda hata sasa alipokuwa mkunga mzima wa miaka arobaini na miwili, ambaye nusu ya watoto wa mji ule walipita mikononi mwake. Dada mtu naye la kwake lilimganda. Aliuza vifaa vya dari, dari za kila aina, katika duka refu jembamba lililonuka mbao na gundi, na wateja wengi hawakujua kwamba alizaliwa na jina jingine.

“Dada, habari za kazi?”

“Zipo. Umepotea njia?”

“Nimekuja kununua,” alisema Kitinda huku akicheka. “Kijumba cha Mama kimeezekwa. Kimebaki dari tu.”

Mama Dari akalikunja tambara la vumbi mara nne.

Kwa miaka kumi na mmoja, tangu baba yao afariki, mama alikuwa akiishi kwa Mama Dari, katika chumba cha nyuma. Miaka kumi na mmoja ya kumpikia uji, kumkata kucha na kugombana naye juu ya dawa za presha. Halafu mwezi uliopita, katikati ya chakula, bibi yule akafuta mdomo na kusema, “Nimekaa kwako vya kutosha, mwanangu. Sasa acha niende na kwa mwenzako, naye ni mtoto wangu.” Kisha akaomba chumvi. Kumbe Kitinda alikuwa ameshaanza kujenga kijumba cha mbao nyuma ya nyumba yake, chenye mlango wake na dirisha lake, na wawili hao walikuwa wamekaa na siri hiyo majuma matatu bila Mama Dari kunusa kitu. Tangu siku hiyo alikuwa akila kwa shingo upande hata chakula alichokipika mwenyewe.

Kununua dari kwingine kungekuwa kumtukana dada. Kuja kununua kwa dada kulikuwa kumtia chumvi kwenye kidonda. Kitinda alikuwa amefikiria la kwanza tu. Ndivyo alivyokuwa siku zote, mtu mwema asiyeangalia anakanyaga wapi.

“Paa umeweka nini?” Mama Dari aliuliza kwa sauti ya biashara.

“Yale mabati mawili yenye sponji katikati. Manene hivi.” Kitinda alitenganisha vidole. “Yanazuia joto na baridi. Lakini uwanja wangu una mteremko, si unajua? Kijumba kimesimama juu ya nguzo, na mbao za paa ni nyembamba. Fundi kasema dari iwe nyepesi kabisa, la sivyo itashuka kulala na Mama kitandani.”

“Fundi gani?”

“Fundi Kesho.”

Hapo Mama Dari alipata nafuu kidogo. Fundi Kesho alikuwa hodari wa mikono na mgonjwa wa ahadi. Kulikuwa na watu mjini walioana na kuachana wakiwa bado wanamsubiri aje kuweka mlango. Kwa Fundi Kesho, kijumba kile kingeweza kwenda mpaka mwakani.

Sasa, duka lile lilikuwa na utaratibu wake. Mama Dari hakumtajia mteja uzito wa kitu. Alikuwa na vipande vya kila aina ya dari, vyote vya ukubwa mmoja, na mteja aliamriwa akinyanyue kipande juu ya kichwa, mikono imenyooka, akishikilie hivyo hivyo wakati mwenye duka anaeleza sifa na aibu zake. “Dari haikai mezani,” alikuwa akisema. “Inaning’inia. Ning’inia nayo kwanza.” Mikono ilipoanza kutetemeka, mteja alikuwa ameshajua mwenyewe kama paa lake litaweza.

Akamkabidhi Kitinda kipande cha jipsamu.

Kwa wateja wengine maelezo ya jipsamu yalichukua dakika moja. Siku hiyo yalikuwa marefu. Alianza na jinsi inavyopakwa rangi, akaja kwenye pembe zake, akaeleza inavyokunywa unyevu na kutoa madoa kama ya godoro la mtoto, akarudi tena kwenye rangi, akamsimulia na kisa cha mteja mmoja ambaye yake ilidondoka katikati ya kikao cha posa. Mikono ya Kitinda ikaanza kucheza. Jasho likamchuruzika puani.

“Dada, nimeelewa. Ni nzito.”

“Subiri, sijamaliza.”

Akamaliza kwa raha zake. Roho yake ilipoa kidogo, si sana. Akampa hadibodi, akamwambia hiyo ni nyepesi lakini ikipita miaka miwili inalegea na kushuka katikati kama tumbo la mpenda pombe. Akampa plaiwudi nyembamba, akamwambia hiyo hujikunja. Kisha, bila kufikiri, akampa vibao vya msonobari.

Vilikuwa vyembamba kama rula ya shule, rangi ya asali, na vifundo vyake vidogo vyeusi hapa na pale. Kitinda alivinyanyua, akainua uso kuvitazama, akavinusa. “Hivi hapa!” alisema. “Dada, Mama si atavipenda hivi? Fikiria amelala chali, anaviangalia.”

Mama Dari alifikiria. Alimwona mama amelala chali, anaviangalia, na anatabasamu, na pembeni Kitinda na vikombe vya chai. Picha hiyo ilimkata maini.

Hapo ndipo wazo lilipomjia, na lilimjia limevaa nguo safi kabisa.

Mama alipenda mvua. Hilo Mama Dari alilijua barabara, na Kitinda hakulijua, maana hakuwahi kuishi naye utu uzimani. Chumba cha mama kule kwa Mama Dari hakikuwa na dari. Naam, muuza dari, na wewe cheka ukitaka. Kilijengwa haraka haraka mwaka ule wa msiba, bati juu, kitanda chini, na dari ilikuwa ije baadaye, mambo yakitengemaa. Mvua ya kwanza iliponyesha iliyapiga mabati yale kama watu mia wanaomwaga kokoto, na asubuhi Mama Dari akamuuliza, “Mama, kelele hazikukusumbua?” Mama akasema, “Hata kidogo. Napenda kuisikia mvua, inanibembeleza.” Basi. Dari ikaahirishwa, kisha ikasahauliwa. Na ushahidi ulikuwepo. Kila mvua ilipoanza kushuka, awe anafanya nini, mama alichukua kigoda chake, akaenda kukaa barazani mpaka ikatike. Mama Dari alipenda kuwasimulia wateja habari hiyo. “Mama yangu na mvua,” aliwaambia, “ni chanda na pete.”

Sasa mtu wa namna hiyo umlaze chini ya paa lisilotoa hata mnong’ono. Angestahimili siku ngapi? Wiki moja, mbili zikizidi, kisha angefunga virago vyake na kurudi kwenye bati lake. Wala hakuna ambaye angenyooshewa kidole.

“Msonobari ni mzuri,” alisema Mama Dari, akivichukua vibao mikononi mwa mdogo wake, “lakini kwa nguzo zako hizo bado ni mzigo. Na kila kibao kinaacha mwanya, sauti inapita, mdudu anapita. Shika hii.”

Ilikuwa mikanda ya plastiki, mirefu, myeupe, yenye uwazi ndani. Kitinda aliunyanyua mmoja kwa mikono miwili, kisha kwa mmoja, kisha akaubeba juu ya kidole na kucheka.

“Ni kama hakuna kitu!”

“Hainywi maji. Haiozi. Fundi anaikata kwa kisu. Ingekuwa chini ya bati tupu, joto lingeipinda, lakini wewe una sponji, haitapata joto la kuidhuru.” Kila neno lilikuwa la kweli, na angeweza kulirudia mbele ya hakimu. “Na juu yake, kabla hajafunga, atandaze hii.”

Akavuta rafuni blanketi nene la pamba ya kuzuia sauti, lililoviringishwa, jepesi kama mto wa kulalia.

“Hili la nini tena? Si sponji ipo?”

“Sponji ni ya joto. Hili ni la…” Akatafuta neno. “Ni la utulivu. Mama ni mtu mzima, anahitaji kutulia. Chukua tu, sitaki kitu. Ni mchango wangu.”

Kitinda alimtazama. Macho yakamjaa machozi, akaizunguka kaunta na kumkumbatia dada yake mbele ya wateja wawili na muuza misumari.

“Dada, nimekuja hapa naogopa,” alimwambia begani. “Nilidhani umekasirika.”

“Nikasirike kwa lipi?” alisema Mama Dari, akiitazama dari ya duka lake.

Kumbe Fundi Kesho naye alikuwa na deni la shukrani. Mapacha wake walikuwa wamezaliwa kwa shida, na aliyewavuta mpaka wakafika duniani ni Kitinda. Kwa hiyo kwa mara ya kwanza katika maisha yake aliahidi Alhamisi na akamaliza Jumatano. Habari hizo zilimfikia Mama Dari kwenye kaunta, na nyongo ikampanda. Yeye mwenyewe alikuwa amemsubiri Fundi Kesho miezi minne kwa rafu tatu. Hata uvivu wa watu ulikuwa ukimpendelea Kitinda.

Siku ya kuhama, mama alifunga vitu vyake katika masanduku mawili. Mama Dari alisimama mlangoni pa chumba cha nyuma, amekunja mikono, akihesabu nguo zinazoingia kana kwamba yeye ni askari wa forodha.

“Kigoda chako hukukiweka,” alisema.

“Kiache hapo hapo barazani,” alisema mama. “Kule sitakihitaji.”

Moyo wa Mama Dari uliruka. Mtu hahami akaacha kigoda chake. Mtu anayeacha kigoda anajua atarudi kukikalia, hata kama mdomo haujakubali. Aliyabeba masanduku mwenyewe mpaka garini, akampangia mama mto mgongoni, akamwagiza Kitinda habari za dawa kwa sauti tamu iliyowashangaza wote. Kisha akarudi ndani, akakifuta kile kigoda, akakiweka vizuri kukabili barabara.

Sasa kilichobaki kilikuwa mvua. Na mvua, kwa ukaidi wake, haikuja. Siku ya kwanza jua. Siku ya tatu jua. Mama Dari, ambaye hakuwahi kupanda hata mchicha, akaanza kutoka nje ya duka na kukagua mawingu, mkono juu ya macho. Kila jioni alipiga simu.

“Umelalaje, Mama?”

“Vizuri, mwanangu.”

“Hakuna kinachokusumbua?”

“Hakuna.”

Kitinda akamtumia picha. Mama kitandani, chini ya dari nyeupe iliyonyooka, anacheka na kuonyesha pengo. Mama Dari aliikuza picha kwa vidole viwili, akaupekua uso ule mkunjo kwa mkunjo, akitafuta huzuni iliyojificha. Hakuiona. Aliona tu kwamba mto haukuwa wake, shuka haikuwa yake, na kile kikombe cha bluu alichomnunulia mama kilikuwa kwenye meza ya mtu mwingine. Nyumbani aliendelea kupika chakula cha watu wawili na kula cha mmoja. Wateja walimwona amekuwa mkali. Mwenye duka la jirani alipomuuliza habari za mama, alijibu, “Yuko matembezini.”

Siku ya tisa mawingu yakafunga, na mvua ikaja kweli kweli. Ilinyesha siku tatu mfululizo, mchana na usiku, mitaro ikafurika na barabara ya sokoni ikageuka mto. Mama Dari akaweka simu mbele yake kwenye kaunta na kuisubiri. Alishaandaa atakayosema. Hatacheka. Atasema tu, “Pole Mama, nakuja kukuchukua,” na kwa Kitinda hatasema lolote, atamtazama tu.

Simu haikulia.

Siku ya nne, mvua ikiwa bado inaendelea, uvumilivu ukamwishia. Alifunga duka saa nane mchana, akachukua mwavuli, akaenda.

Alikuta kijumba kimesimama juu ya nguzo zake kama kuku kwenye maji, safi, na ngazi tatu za mbao mlangoni. Mvua ilikuwa ikimwagika. Akabisha, hakujibiwa, akasukuma mlango. Mama alikuwa amelala.

Mama Dari alisimama pale na mwavuli unaodondosha maji, asiamini. Saa nane na nusu mchana, mvua ya kuvunja madaraja, na mama yake, ambaye kwa miaka kumi na mmoja hakuonekana kitandani mvua ikinyesha, alikuwa amelala ubavu, mkono chini ya shavu, akikoroma polepole. Akafunga mlango nyuma yake. Mara ile mvua ikaisha. Yaani aliiona bado, nyuma ya kioo cha dirisha, inapinda majani na kuchimba udongo, lakini ilikuwa ikiwanyeshea watu wengine. Juu ya dari kulikuwa na kitu kidogo tu, kama mtu anayetembea na soksi. Alisikia saa ya ukutani. Alisikia pumzi ya mama.

Akaketi kwenye kiti, akautazama uso ule. Vile vifuko vilivyokuwa chini ya macho, ambavyo yeye alivihesabu kuwa ni uzee, vilikuwa vimepungua.

Mama akafumbua macho. “Umekuja,” alisema, na akafurahi waziwazi. “Umelowa. Kaa hapa karibu.”

“Umelala mchana, Mama.”

“Nalala ovyo siku hizi, kama mtoto. Nalipa madeni.” Alijinyoosha, akaitazama dari. “Nilikuwa nakusubiri nikuambie. Mdogo wako amenieleza kwamba hii umechagua wewe. Na lile blanketi la juu ulitoa wewe, bila kuombwa.”

Mlango ukafunguliwa. Kitinda aliingia na sinia la chai, nywele zimelowa, akatabasamu alipomwona dada yake.

“Nilimwambia huyu,” mama aliendelea, “nikamwambia, kijumba umejenga wewe na nakushukuru, lakini usingizi nimepewa na dada yako. Yeye ndiye anayenijua.” Akaushika mkono wa Mama Dari kwa mikono yake miwili, mikavu, yenye joto la kitanda. “Ulijuaje, mwanangu? Mimi sikuwahi kukuambia.”

Haya. Hayo ndiyo maneno Mama Dari aliyoyangoja miaka arobaini na miwili. Yalikuja mbele ya shahidi, tena shahidi mwenyewe aliyetakiwa kuyasikia. Utamu wake ulimpanda mpaka masikioni. Akainua macho amtazame Kitinda, ili aonje vizuri.

Kitinda alikuwa bado anatabasamu, lakini kwa mdomo tu. Macho yake yalikuwa yameshuka sakafuni, ile sakafu aliyoipiga randa mwenyewe kwa wiki mbili baada ya zamu zake za kazi. Mama Dari aliujua uso ule. Hakuwahi kuuona kwa mtu mwingine, lakini aliujua kwa ndani, kila msuli wake, jinsi shavu linavyobanwa ili mtu asionekane. Utamu ukakatika.

“Sikujua, Mama,” alisema.

“Hukujua nini?”

“Sikujua chochote. Nilidhani unapenda kelele za mvua. Blanketi lile nililitoa makusudi, ili usisikie kitu. Nilitaka ushindwe kulala hapa, urudi kwangu.”

Kitinda akaweka sinia mezani.

“Na mimi nilikukumbatia,” alisema. “Mbele ya watu.”

“Ndiyo.”

“Nililia, dada.”

“Najua. Nichukie tu.”

Mama hakuuachia mkono wa binti yake mkubwa, ila aliangalia juu kama anayesoma maandishi.

“Kwako sikulala msimu wowote wa mvua kwa miaka kumi na mmoja,” alisema hatimaye, bila hasira, “na sikuondoka. Ulidhani hapa ningeondoka kwa sababu ya kimya?”

“Lakini ulisema unaipenda! Ulisema inakubembeleza!”

“Nilisema. Ulikuwa umemzika baba yako juzi, chumba kile umekijenga kwa kukopa huku na huku, na ulikuja asubuhi kuniuliza ukiwa huwezi hata kusimama kwa uchovu. Ningesema nini? Nilisema ninaipenda.” Alimpigapiga mkono. “Nilidhani utaniuliza tena.”

Mama Dari alifungua mdomo. Barazani, alitaka kusema. Kila mvua ulikuwa unakwenda kuitazama, barazani, na kigoda chako. Akaufunga mdomo. Mtu mzima angekwenda wapi tena, kukimbia watu mia wanaomwaga kokoto juu ya kitanda chake?

Chai ilinywewa, lakini hakuna aliyejua ina sukari au haina. Mama Dari alipoaga, Kitinda alimpa mwavuli wake bila kumtazama machoni. Hakumsindikiza mpaka barabarani, jambo ambalo hakuwahi kuliacha hata siku moja. Mama Dari aliona ni haki yake, na ilimuuma vilevile.

Mvua ilikuwa haijakatika alipofika nyumbani. Akapita moja kwa moja mpaka chumba cha nyuma, akaketi kwenye kitanda cha mama, na viatu vyake vya matope. Kelele zilimvaa kichwa kizima. Aliinua uso, akaona misumari ya bati, safu kwa safu, mingine na kutu, na akakumbuka kwamba katika miaka kumi na mmoja hakuwahi kukaa humu mvua ikinyesha. Alikuwa akipita mlangoni tu. Chumba chake yeye kilikuwa na dari, jipsamu nzuri, imepakwa mara mbili. Akasema kwa sauti, “Mama, nisamehe,” aisikie sauti yake. Hakuisikia.

Simu ikatetemeka mkononi. Kitinda.

“Haloo!”

Kitinda alisema kitu.

“Sikusikii!”

Akasema tena.

“Sikusikii, nasema! Ngoja!”

Akainuka, akafuata ukumbi mdogo huku simu ameibana sikioni, akatoka mpaka barazani, mahali pa karibu ambapo mtu angeweza kumsikia mwingine. Kigoda kilikuwa pale, alipokiweka mwenyewe, kimekabili barabara. Akakikalia kabla hajafikiri.

“Sasa nakusikia,” alisema.

“Mama anauliza kama umefika.” Sauti ya Kitinda ilikuwa bado kavu.

“Nimefika. Niko barazani.”

Nyuma ya Kitinda, katika kile kimya cha kijumba, sauti ya mama ilisikika wazi kabisa. “Barazani na mvua hii? Mwambie aingie ndani, atashikwa na baridi.”

Mama Dari aliyatazama maji yanayoanguka mbele ya miguu yake.

“Mwambie ndani hakukaliki,” alisema, na akakaa pale mpaka mvua ilipokatika.